Safu ya Tatu

Fomu zilikuwa mbili, moja kwa kila mfanyakazi, na zote zilikuwa kwa Kiingereza. Afisa utumishi aliziweka mezani, akazinyoosha kwa kiganja, akaanza kumweleza Bi Wanga mstari kwa mstari. Huu wa kwanza ni ukunjaji. Huu madoa. Huu kuwahi kazini. Huu kutunza mashine. Huu wa mwisho, kuelewana na wenzake. Unaweka alama ya vema panapostahili, unatia saini chini, basi.

"Na hizi safu tatu si unazijua, mama?" aliuliza, kalamu yake ikigusa maneno yaliyokuwa juu: Good, Better, Best.

"Nazijua," alisema Bi Wanga.

Hakuzijua. Au tuseme alizijua kwa njia yake, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na sita. Jina la Bi Wanga alilipata kwa sababu ya wanga wa kunyooshea makoti ya madaktari, aliotaka ukorogwe mpaka ukolee kama uji. Waliomwogopa walilitamka kwa maana ile nyingine, ya watu wanaozurura uchi kwenye makaburi ya wenzao. Alijua, na hakujali. "Nimwangie nani? Nyie? Mna nini cha kuwangiwa?" Mdomo wake haukuwa na breki, na haukuwa na sifa. Shuka likitoka jeupe pee alisema, "Afadhali." Likitoka na doa la ukubwa wa punje ya mchele, jengo zima lilisikia.

Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipougua na wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwapikia. Kiingereza kilikuwa kinaanza darasa la tano. Alikikosa kwa mwaka mmoja tu. Lakini kwenye faili lake, mahali palipouliza kama anasoma Kiingereza, binamu aliyemjazia fomu siku ile aliandika ndiyo, na yeye akatia saini. Tangu hapo aliishi na ile ndiyo kama mtu anayetembea na kokoto ndani ya kiatu. Bahati yake, daftari la chumba chake lilikuwa la tarakimu: mashuka mangapi yameingia, mangapi yametoka. Majina ya wodi aliyatambua kwa sura, kama mtu anavyotambua jirani kwa mwendo.

Na Better alilijua kwa kulisikia. Kila asubuhi alipopita wodini na toroli la mashuka safi, alimkuta daktari mgeni ameinama juu ya mgonjwa akiuliza, "Better?" na muuguzi akitafsiri, "Anauliza una afadhali?" Mgonjwa huyo bado ana mpira wa dripu mkononi, bado anashikwa mkono kwenda chooni, ila leo ana afadhali. Siku daktari akisema, "Good! Good!" na kupiga makofi, mgonjwa anafunga furushi lake anakwenda zake nyumbani. Miaka kumi na sita Bi Wanga aliona kwa macho yake mwenyewe kwamba Better ni mtu aliyelala na Good ni mtu aliyevaa viatu. Nani angemwambia vingine?

Best hakuwa na shaka nalo. Lilikuwa kwenye katoni za sabuni na kwenye mabango ya rangi za nyumba. Bora kuliko zote.

Nafasi ya ajira ya kudumu ilikuwa moja. Waliokuwa wakiigombea ni vibarua wawili. Mama Mapacha alikuwa na miaka sita pale chumbani, mwanamke wa maneno machache na vidole vilivyokauka kwa dawa, ambaye angeweza kulitazama doa na kukuambia ni la damu ya jana au ya juzi. Chereko alikuwa na mwaka mmoja na nusu, binti mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka jikoni. Alichelewa siku tatu kwa wiki, na kila siku alikuwa na kisa kipya cha kueleza. Si mfanyakazi mbaya. Ukimsimamia, alifanya.

Bi Wanga alianza na fomu ya Chereko. Akatafuta afadhali, akaiona katikati, akaijaza toka juu mpaka chini. Penye kuwahi alisita, maana hata afadhali ilikuwa zawadi, lakini hakuona safu ya chini zaidi.

Kisha akachukua ya Mama Mapacha. Nzuri, nzuri, nzuri. Alipofika kwenye madoa kalamu ilisogea yenyewe hadi safu ya tatu, ikasimama juu ya kisanduku. Alikumbuka koti la daktari wa upasuaji ambalo kila mtu alisema litupwe, na Mama Mapacha akalirudisha siku ya pili jeupe kama halijavaliwa. *Nikimpa hii atavimba kichwa,* akajiambia. Akairudisha kalamu kwenye safu ya kwanza, akatia vema, akaweka saini.

Barua zilikuja wiki tatu baadaye. Chereko alisoma yake, akapiga kigelegele, akaibusu mashine ya kufulia kwenye kioo chake. Mama Mapacha alisoma yake, akaikunja mara mbili, kisha mara mbili tena, ikawa kidonge cha karatasi, akakitia mfukoni. Kibarua chake kingekoma mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Bi Wanga aliwaka moto. "Ofisi hiyo ina macho ya mapambo!" alisema, mbele ya watu wote, huku akipiga meza ya kukunjia. "Wanakaa kwenye viti vya kuzunguka, wanazungushwa mpaka akili. Mimi nilikuandikia vizuri, Mama Mapacha, mstari kwa mstari. Waulize kama hawana haya."

"Najua, dada," alisema Mama Mapacha. "Wewe ungeninyima, ungeninyima usoni."

Jioni ile jua lilikuwa bado linaingia dirishani, na Bi Wanga alikuwa akipiga pasi sketi ya shule ya binti yake. Binti alikuwa darasa la tano, na nyumbani aliitwa Kasuku kwa sababu alisoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye kopo la maziwa. Alikaa kwenye kigoda na daftari mapajani, akitikisa mguu.

"Tall, taller, tallest. Big, bigger, biggest. Good, better, best."

"Hebu rudia hilo la mwisho."

"Good, better, best. Hili ni jeuri, mama, halifuati wenzake. Husemi gooder. Kuna mwenzetu alisema gooder, darasa zima likamcheka mpaka akaomba kwenda chooni."

"Sikukuuliza habari za choo. Better ni nini?"

"Nzuri zaidi."

"Afadhali, unataka kusema."

"Nzuri zaidi, mama. Kitu kikiwa good, halafu kikaja kingine kikakipita, hicho kilichopita ndicho better. Halafu kikaja kinachowapita wote, ndicho best."

"Mbona daktari anamwambia mgonjwa better, na mgonjwa bado kalala?"

Kasuku aliuma kalamu, akafikiri. "Hapo ni kuliko jana. Lazima kuwe na kuliko. Mwalimu anasema ukitamka better, mtu ana haki ya kukuuliza, kuliko nini?"

"Na good iko wapi?"

"Chini. Ndiyo ya kwanza, ndiyo ya chini kabisa." Kisha akapiga ukelele. "Mama! Sketi!"

Moshi ulikuwa umeshaanza. Bi Wanga aliinua pasi, na pale kwenye pindo paliachwa alama ya kahawia yenye ncha. Katika maisha yake yote ya kufua na kunyoosha nguo za watu, alikuwa hajawahi kuunguza kitu. Aliitazama ile alama asiione. Alichokiona ni karatasi mbili: Chereko katikati, toka juu mpaka chini; Mama Mapacha pembeni kushoto, toka juu mpaka chini. Kuliko nini? Kuliko Mama Mapacha. Mkono wake ndio ulioandika hivyo, na saini yake ikawekwa chini.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Endelea kusoma."

"Basi nisikilize. Mimi nikipata tisa kwa kumi, huwa unasema..."

"Nimesema soma, sijasema ongea."

Siku iliyofuata alipanga kwenda ofisini kabla ya kufungua mashine. Alifika mpaka kwenye korido, akauona mlango wa afisa utumishi uko wazi, akasikia sauti yake kwenye simu. Akakumbuka faili. Wangelifungua mezani, wangeikuta ile ndiyo, na mtu angeuliza: hizo fomu zote ulizotia saini, ulikuwa unasoma nini? Usimamizi ungeondoka. Pengine na kazi ingefuata, na Kasuku alikuwa bado hana hata miaka kumi na mbili. Akageuka. Alijiambia kwamba afisa ana shughuli. Kesho yake alijiambia ni siku ya nguo za chumba cha upasuaji, haondoki. Keshokutwa hakujiambia kitu, hakwenda tu.

Badala yake akawa mwema, na wema haukumkaa. Alimhamishia Mama Mapacha kwenye meza ya dirishani yenye upepo. Alimtoa kwenye kubeba mizigo ya nguo zilizoloa. Alimkorogea chai, sukari ikawa nyingi mno, maana hakuwahi kujua anakunywa na sukari kiasi gani. Mama Mapacha aliitazama chai, akamtazama yeye.

"Dada, una nini?"

"Nina nini kwani?"

"Juzi umeniambia nikae dirishani. Jana umenishika bega. Leo chai. Kama una habari ya msiba niambie, usiniandae kama mtoto."

Chereko alicheka kutoka kwenye mashine ya kukaushia. "Bi Wanga kashika mtu bega! Mimi nakimbia, huko ndiko kuwangwa kwenyewe!"

"Wewe angalia taulo zako," alifoka Bi Wanga, na kwa dakika moja alijisikia nafuu, kwa sababu kufoka alikujua.

Lakini hakulala usingizi wa maana, na hakula akashiba. Kila aliposikia neno Better wodini alishtuka kama ameitwa. Asubuhi moja daktari mgeni alimwona mlangoni na toroli, akamtabasamia, akamuuliza vivyo hivyo kwa utani, "Better?" Bi Wanga aliacha toroli katikati ya njia akatoka.

Zilipobaki siku nne, Mama Mapacha alimfuata kwenye stoo ya sabuni. Alikuwa amevua aproni na kuishika mkononi.

"Nina shida, dada."

"Sema."

"Kuna hoteli wanatafuta mtu wa kufua. Wanataka barua kutoka kwa msimamizi wangu, na wanaitaka kwa Kiingereza. Nimesema hiyo si kazi, msimamizi wangu anakijua, ndiye aliyejaza hata zile fomu." Alitabasamu kidogo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mistari miwili tu. Useme nafua vizuri. Usiweke chumvi, najua wewe si mtu wa chumvi."

Bi Wanga aliegemea katoni. Angeweza kusema sawa, akampelekea Kasuku aandike. Wazo hilo lilimjia, na lilimjia limekamilika, na karatasi yake na kalamu yake. Angemtuma mtoto wa darasa la tano afunike uongo wa mama yake, na Mama Mapacha angeondoka akisema ahsante. Hiyo ahsante ndiyo iliyomshinda. Angeisikia mpaka anakufa.

"Siwezi," alisema.

"Huna muda?"

"Sijui Kiingereza. Sijawahi kukijua. Ile fomu yako niliiharibu mimi. Safu ni tatu, Good, Better na Best, na mimi nilidhani Better ni afadhali. Nilidhani iko chini ya Good. Chereko nikampa afadhali yote, wewe nikakupa nzuri yote, kumbe nimewapindua. Ofisi haina kosa. Walisoma nilichoandika."

Nje mashine kubwa ilikuwa imefika kwenye kukamua, na sakafu ya stoo ilikuwa inatetemeka. Mama Mapacha alingoja mpaka ikatulia.

"Umejua lini?"

"Siku barua zilipotoka. Jioni yake."

"Wiki nzima."

"Wiki nzima."

"Ndiyo maana ya chai."

Bi Wanga aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi. Mama Mapacha aliikunja aproni yake taratibu, pembe kwa pembe, kama kitu cha wodi.

"Kiingereza hata mimi sikijui," alisema. "Kwa hilo siwezi kukuhukumu. Lakini nikuulize. Fomu ilikuwa na safu tatu. Hiyo ya tatu, ya Best, ulijua maana yake?"

"Nilijua."

"Ni ipi?"

"Bora kuliko zote."

"Na kwenye madoa, humu ndani, nani ni bora kuliko wote?"

Bi Wanga aligeuza macho kwenye katoni.

"Ungeniwekea hiyo hata mstari mmoja," alisema Mama Mapacha, "ofisi ingekuuliza, bora kuliko wote kwenye madoa, mbona kwingine wa chini? Na kosa lako lingejulikana mapema. Mmoja tu, dada. Miaka sita." Akatoka, akaurudisha mlango polepole, na huko kuurudisha polepole kuliuma kuliko angeubamiza.

Bi Wanga hakukaa tena. Alitoka vile vile na aproni, mikono ina povu, akapanda ngazi za utawala, akaingia kwa afisa utumishi bila kubisha hodi.

"Shikamoo, mama," alisema yule afisa kijana, akishtuka. "Kuna moto?"

"Marahaba. Fungua faili langu. Halafu fungua zile fomu mbili."

Alimwambia yote akiwa amesimama. Afisa alisikiliza, kalamu ikiwa inazunguka vidoleni, kisha ikaacha kuzunguka. Mwanzo alitaka kucheka, ilionekana kwenye mashavu, halafu akaona kwamba mbele yake kuna mtu mzima asiyetania.

"Mama, nilikuuliza. Nilikuuliza kama unazijua."

"Uliniuliza, nikakudanganya."

"Barua zimeshatoka. Nikitaka kuzirudisha, inabidi niandike sababu. Na sababu ni wewe. Itaingia kwenye faili."

"Iandike."

"Unaelewa maana yake?"

"Hiyo naielewa. Si ya Kiingereza."

Matroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, aliwaita kesho yake saa nne, wote wanne, kwenye chumba cha mikutano chenye meza ndefu. Alikuwa mwanamke wa umri wa Bi Wanga, miwani kwenye kamba, asiyependa mambo marefu. Afisa utumishi alikuwa ameichapa fomu upya, kwa Kiswahili: Nzuri, Nzuri Zaidi, Nzuri Kuliko Zote. Matroni aliisukuma mbele ya Bi Wanga.

"Sasa utajaza mbele yao, na utasema kwa mdomo unachojaza. Anza."

Bi Wanga alianza na Chereko, kwa sababu huko nako alikuwa na deni la kumtazama mtu usoni. Binti alikuwa amekaa ncha ya kiti, barua yake ya ajira imelala mapajani, ile aliyoibusia mashine.

"Kwa hiyo mimi," alisema Chereko, na leo sauti yake haikuwa na kicheko, "pote pale ulinipa afadhali?"

"Pote."

"Hata kuwahi?"

"Pale nilikupendelea."

Afisa alikohoa. Hata Chereko mwenyewe mdomo ulimcheza, kisha macho yakamjaa, akageukia dirishani. Bi Wanga aliona kwamba anaharibu furaha ya mtu wa pili ili kurekebisha aliyoharibu kwa wa kwanza, na kwamba hapakuwa na njia ya kutengeneza hili bila kumuumiza binti huyu ambaye hakumkosea lolote. "Wewe hukufanya kosa," alimwambia. "Ulipewa na mkono wangu, na mkono wangu ndio unaokunyang'anya. Ukinichukia, una haki."

Kwa kuelewana na wenzake alimpa Nzuri Kuliko Zote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: siku Chereko asipokuja, chumba kilikuwa kama maturubai yaliyoloa. Alilisema hilo kwa sauti. Chereko aligeuka kutoka dirishani akamkodolea macho. Kwingine akampa anachostahili.

Kisha Mama Mapacha. Ukunjaji, nzuri zaidi. Mashine, nzuri zaidi. Kuwahi, nzuri kuliko zote, hajawahi kukuta mlango umefunguliwa na mwingine. Alipofika kwenye madoa, kalamu ilikwenda safu ya tatu, akatia vema, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

"Sababu?" aliuliza Matroni.

"Hakuna anayemfikia. Humu ndani hakuna, na mimi nimo. Nimefua miaka kumi na sita, na doa likinishinda nampelekea yeye, halafu narudisha nguo wodini nikijifanya nimelitoa mimi." Hilo hakuwa amepanga kulisema. Lilitoka.

Matroni alivua miwani. "Sasa nieleze kitu kimoja. Ulijua Best ni bora. Afisa ameniambia ulijua. Mbona mara ya kwanza hukumpa?"

Jibu la rahisi lilikuwepo: Kiingereza, haraka, macho. Mama Mapacha alikuwa upande wa pili wa meza, mikono juu ya mapaja, akimtazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kuchagua dawa.

"Uchoyo," alisema Bi Wanga. "Niliona nikimsifia nitapungua. Kalamu ilifika pale, nikaivuta. Kiingereza kilinipotosha, ndiyo, lakini hiyo ya kuvuta kalamu nilifanya nikiwa najua. Laiti ningemwandikia haki yake, tusingekuwa hapa."

Afisa aliandika kitu, akakifuta, akakiandika tena.

Matroni hakuchukua muda. Ajira ni ya Mama Mapacha, kuanzia tarehe moja. Chereko ataendelea na kibarua miezi sita, na nafasi nyingine ikitoka ataitwa kwanza, mradi anunue saa. Bi Wanga kuanzia leo si msimamizi. Atafua, na suala la faili lake litajadiliwa wiki ijayo na wakubwa zaidi. "Siwezi kukuahidi kitu," alisema Matroni, akirudisha miwani. "Ulidanganya siku nyingi."

"Sawa."

Chereko aliiweka barua yake mezani, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja, akatoka bila kumuaga mtu. Mama Mapacha alitoka nyuma yake. Bi Wanga alitoka wa mwisho.

Kwenye korido toroli la nguo chafu za wodi ya watoto lilikuwa limeachwa njiani, limejaa mpaka juu. Mama Mapacha alilishika upande mmoja, akaanza kulisukuma, likagoma, gurudumu moja lilikuwa limejaa nyuzi. Bi Wanga alishika upande wa pili. Wakasukuma mpaka kwenye mteremko.

"Sijakusamehe," alisema Mama Mapacha, macho yakiwa mbele.

"Najua."

"Unajua kwa nini?"

"Kwa niliyokufanyia."

"Hapana. Kwa sababu hujaniomba. Umemwambia afisa, umemwambia Matroni, Chereko umempa haki ya kukuchukia. Mimi umenipa chai, na vema kwenye karatasi."

Bi Wanga alisimama, toroli likasimama. Ilikuwa kweli. Wiki nzima alikuwa amelizunguka neno hilo kama mtu anayezunguka dimbwi ili asiloe. Muuguzi aliyekuwa anapita aliwakwepa akaendelea na safari yake.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nimekukosea, tena kwa makusudi."

Mama Mapacha aliinama, akang'oa nyuzi kwenye gurudumu kwa vidole vyake vikavu, akazitia mfukoni mwa aproni, akashika tena toroli.

"Nimesikia," alisema, akaanza kusukuma.